Sura ya Nne: Mti Uliovaa Jiwe

Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, wanaume wa kijiji wanakusanyika kwenye kiwanja chenye nyumba moja. Wanapenyeza mianzi mirefu chini ya sakafu, mingine kwa urefu, mingine kwa upana, wanaifunga kwenye nguzo, kisha kila mmoja anaweka bega lake. Mmoja anahesabu. Nyumba inanyanyuka. Inaanza kutembea na paa lake, kuta zake na madirisha yake, inapita kando ya mashamba ya mpunga, na inakwenda kutuliwa pale mwenyewe anapotaka kuhamia. Hakuna ujira. Mwenye nyumba anapika, watu wanakula, kazi imekwisha.

Wafilipino wanaiita shughuli hiyo bayanihan, neno lililozaliwa na bayan, yaani mji au watu wa mahali pamoja. Siku hizi nyumba zinazohamishwa hivyo ni chache, ila picha yake imebaki kila mahali, kwenye vitabu vya shule, kwenye michoro ya ukutani, kwenye hotuba za viongozi. Mimi naianza sura hii hapo kwa sababu nyingine kabisa. Ukitaka kuielewa historia ya ujenzi wa Ufilipino, hata makanisa yake ya mawe na majumba ya matajiri wake, lazima kwanza uielewe nyumba inayoweza kubebwa.

Nyumba hiyo ni bahay kubo. Itazame kwa karibu. Nguzo zake ni za mti mgumu au mianzi minene, nazo zinaiinua sakafu kutoka ardhini kwa kiasi cha urefu wa mtu, pengine pungufu kidogo. Sakafu ni mianzi iliyopasuliwa na kupangwa kwa kuachiana nafasi nyembamba, ili upepo upande kutoka chini na uchafu udondoke kutoka juu. Kuta ni mianzi iliyosukwa kama jamvi. Madirisha ni vibao vya majani vinavyosukumwa nje na kuegemezwa kijiti. Nyuma kuna batalan, ukumbi mdogo wa mianzi usio na paa, mahali pa mitungi ya maji, pa kuoshea vyombo na miguu. Na juu ya vyote limekaa paa lenye mwinamo mkali, refu kuliko kuta zenyewe, ili mvua isipate hata dakika moja ya kutulia.

Paa hilo limeezekwa kwa majani ya mnipa, mti wa majini wa jamii ya mnazi unaoota kwenye matope ya mikoko. Jani linakunjwa juu ya ufito wa mwanzi na kushonwa, jingine linafuata, mpaka unapatikana ukanda mmoja wa kuezekea. Mtu wa Bagamoyo au Kilifi aliyewahi kumwona mama yake akishona makuti hahitaji kuelezwa zaidi. Mikono inafanya kazi ileile, jani tu ndilo tofauti.

Nafasi ya chini ya sakafu inaitwa silong. Antonio de Morga, hakimu Mhispania aliyeishi Manila na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, aliziona nyumba hizi na kueleza kwamba zimesimama juu ya miti, na kwamba chini yake watu walifuga kuku na mifugo na kutwanga mpunga. Kwa hiyo silong ilikuwa zizi, ghala na karakana kwa wakati mmoja. Maisha ya binadamu yalikuwa juu, ardhi ikaachiwa wanyama, maji na kazi. Lishike jambo hili, maana tutakutana nalo tena ndani ya majumba ya watu waliokuwa na farasi na magari ya kukokotwa.

Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,600, na lugha zake hazihesabiki kwa vidole. Lakini neno la nyumba limeenea karibu kote kwa sura zinazofanana. Watagalogi wanasema bahay, Wabisaya balay, Waifugao bale, na Waivatan wa visiwa vya kaskazini kabisa vahay. Na karibu kote nyumba imesimama kwa miguu.

Kwa Waifugao, kwenye milima ya Luzon walikochonga matuta ya mpunga yaliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, nyumba inasimama kwa miguu minne tu. Juu ya miguu hiyo kuna chumba kimoja cha mbao zilizochongwa zikaingiliana bila msumari hata mmoja, na paa la nyasi lenye umbo la piramidi linaloshuka hadi karibu kuufunika ukuta. Kwenye kila nguzo, chini kidogo ya sakafu, kuna gurudumu la mti lililovalishwa kama kola. Kazi yake ni kuzuia panya. Panya anapanda nguzo, anafika kwenye gurudumu, anakuta njia imegeuka dari juu ya kichwa chake, anarudi. Mpunga wa familia umehifadhiwa juu, penye moshi wa jiko unaofukuza wadudu. Na kwa kuwa hakuna msumari, nyumba nzima inaweza kufunguliwa vipande vipande, ikabebwa, ikasimamishwa upya mahali pengine.

Kusini, kando ya ziwa Lanao kwenye kisiwa cha Mindanao, Wamaranao walijenga torogan, nyumba ya sultani au datu, yaani chifu. Hawa ni Waislamu, na Wahispania hawakufanikiwa kamwe kuwatawala kikamilifu. Torogan ni ukumbi mmoja mpana usio na kuta za ndani, chini ya paa refu lililopanda kama tanga. Uzuri wake wote umekusanyika kwenye panolong, yaani ncha za boriti za sakafu zinazochomoza nje ya ukuta na kupinda juu kama omo za mashua, zimechongwa kwa nakshi ya okir, majani na mikia ya nyoka mkubwa wa hadithi zao. Ukiiona kwa mbele, nyumba hiyo ni kama kundi la vyombo vinavyong'oa nanga.

Lakini mimi kinachonivuta zaidi kiko chini. Nguzo za torogan, magogo mazito ajabu, hazikuchimbiwa ardhini. Zimewekwa juu ya mawe makubwa ya mviringo, basi. Ardhi inapotikisika, mawe yanacheza, nguzo zinacheza juu yake, na nyumba nzima inayumba kisha inarudi mahali pake. Aliyebuni hilo alikuwa ameshaona nguzo nyingi zilizochimbiwa zikivunjika kwenye shingo. Leo torogan za kweli zimebaki chache mno. Ile iitwayo Kawayan Torogan, kule Bubung katika wilaya ya Marantao, ilitangazwa Hazina ya Utamaduni wa Taifa mwaka 2008.

Waivatan wa Batanes peke yao waligeukia jiwe kwa moyo wote. Visiwa vyao viko katikati ya njia ya vimbunga, na nyumba yao ya zama za Wahispania ina kuta za mawe na chokaa zinazokaribia unene wa mita moja, paa la nyasi lililobanwa tabaka juu ya tabaka, na madirisha madogo. Kimbunga kinapita juu yake kama maji juu ya kobe. Mwezi Julai 2019 matetemeko ya ardhi yalipiga kisiwa cha Itbayat, na nyumba hizohizo zilizoushinda upepo kwa vizazi zikamwagika barabarani. Jiwe linashinda upepo, ila halijui kuyumba.

Wahispania walijifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

Kiongozi wao, Miguel López de Legazpi, aliufanya Manila kuwa mji mkuu wa koloni mwaka 1571, na kwa miaka kumi ya mwanzo Wahispania wenyewe waliishi kwenye nyumba za mianzi na majani. Mwaka 1583, gavana Gonzalo Ronquillo de Peñalosa alipokuwa akizikwa katika kanisa la San Agustín, mshumaa mmoja ulishika moto, moto ukashika kanisa, kanisa likashika mji. Baada ya hapo amri ikawa jiwe. Padri Mjesuiti Antonio Sedeño ndiye anayetajwa kuwafundisha watu kuchonga mawe, kuchoma chokaa na kufyatua vigae. Jiwe lilipatikana Guadalupe, kandokando ya mto Pasig. Ni jiwe laini la majivu ya volkano, ambalo Wafilipino mpaka leo wanaliita adobe. Mafundi wengi walikuwa Wachina waliohamia Manila kwa biashara, na vibarua walikuwa wenyeji.

Hapa msomaji wa pwani yetu asimame kidogo. Mfalme aliyetawala Manila wakati huo alikuwa Felipe II wa Hispania, yule ambaye visiwa vimepewa jina lake. Tangu mwaka 1580 alikuwa ameshika pia taji la Ureno. Kwa hiyo miaka ileile gavana Gómez Pérez Dasmariñas aliposimamia kuta za mawe za Manila, kati ya 1590 na 1593, ndiyo miaka ambayo Wareno walianza Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593, kwa amri ya mfalme huyohuyo. Ncha mbili za bahari zilikuwa zikivishwa ngome na mtu mmoja ambaye hakuiona hata moja. Na huko Bisaya makanisa yalijengwa kwa jiwe lilelile la Mombasa, matumbawe yaliyokatwa baharini.

Manila ya mawe ilipendeza kwa muda mfupi. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1645, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ardhi ilitikisika na majumba mazito ya ghorofa yakawaangukia wenyewe. Likaja tetemeko jingine mwaka 1658. Tangu hapo wajenzi wakaanza kurudi kule ambako wenyeji hawakuwahi kutoka.

Waliirudisha nguzo. Magogo ya molave, mti mgumu wa jamii moja na mfudu wetu, yalichimbiwa ardhini na kupanda moja kwa moja hadi kwenye paa. Nguzo hizo ndizo zilizobeba sakafu ya juu, na ndizo zilizobeba paa. Ukuta wa jiwe ukajengwa kuzizunguka upande wa chini tu, kama kanga inavyofungwa kiunoni. Ghorofa ya juu ikawa mbao tupu, nyepesi, yenye madirisha toka pembe hadi pembe. Tetemeko likija, nguzo zinapepesuka, ukuta wa chini unaweza kupasuka au hata kudondoka upande wa nje, na watu walioko juu wakabaki juu. Mjesuiti Francisco Ignacio Alcina, mwaka 1668, aliuita ujenzi huo arquitectura mestiza, yaani ujenzi chotara, nusu jiwe nusu mti. Watu wakauita bahay na bato, nyumba ya jiwe.

Jina hilo linanikera kidogo, kwa kuwa linamsifu asiyefanya kazi. Jiwe la nyumba ile ni vazi. Mifupa yake ni mti, na mifupa hiyo ni ya bahay kubo. Mtagalogi anamwita baba haligi ng tahanan, nguzo ya nyumbani, na mama anamwita ilaw, taa ya nyumbani. Hajaita mtu yeyote ukuta.

Ingia ndani sasa, tuseme kwenye nyumba ya tajiri wa karne ya 19. Lango ni la mbao nzito, pana kiasi cha kupita gari la farasi, na ndani yake kuna mlango mdogo wa watu. Unaingia zaguan, chumba cha chini chenye sakafu ya mawe. Hapa limeegeshwa gari, hapa yamewekwa magunia ya mpunga, hapa linakaa jukwaa la magurudumu linalombeba mtakatifu siku ya maandamano. Familia haiishi hapa. Pana unyevu, na maji ya mafuriko yanajua njia ya kuingia. Unaitambua? Ni silong, imevaa mawe na kupewa jina la Kihispania.

Ngazi inakupandisha. Watoto wa Kifilipino wanajua kuihesabu: oro, plata, mata, dhahabu, fedha, kifo, na kurudia. Fundi anapaswa kuhakikisha kidato cha mwisho hakiangukii kwenye mata. Mpaka leo wapo wahandisi wanaoombwa na wateja wao kuongeza au kupunguza kidato kwa sababu hiyo, nao wanaongeza.

Juu, sakafu ni mbao pana za narra, ndugu wa mninga wetu kwa jamii na hata kwa rangi, zilizosuguliwa mpaka zinaakisi uso. Kisha dirisha. Laiti ningekuwa na ruhusa ya kuandika sura nzima juu ya dirisha hili! Ni fremu za mbao zilizogawanywa miraba midogo, na kwenye kila mraba limepachikwa gamba la kapis, kombe bapa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kioo kilikuwa ghali, kombe lilikuwa baharini, na mikono ya watu ikagundua kwamba kombe linafanya jambo ambalo kioo hakiwezi. Jua la mchana la nchi zetu za joto linachoma. Likipita kwenye kapis linatoka upande wa pili likiwa mwanga wa maziwa, hauna kivuli kikali, hauumizi jicho. Fremu hizo zinateleza kwenye mfereji wa kizingiti, unaweza kuzisukuma zote pembeni na ukuta mzima ukawa wazi.

Chini ya kizingiti hicho, kuanzia goti hadi sakafuni, kuna dirisha la pili, ventanilla, lenye nguzo ndogo za kuzuia watoto wasianguke na vibao vyake vya kuteleza. Usiku, madirisha makubwa yakifungwa kwa kuogopa wezi, vibao vya chini vinafunguliwa, upepo unaingia kwa kiwango cha mtu aliyelala kwenye mkeka. Juu ya kuta za vyumba kuna mbao zilizotobolewa nakshi ili upepo upite hata milango ikiwa imefungwa. Na jikoni, nje ya dirisha, imening'inia banggera, kichanja cha mbao kilichochomoza hewani, vikombe vimepinduliwa juu ya vijiti vyake, maji yanachuruzika yenyewe mpaka uani. Ni batalan, imepanda daraja. Mwenye nyumba aliagiza taa za Ulaya na piano, akavaa koti. Lakini hewa aliyovuta ilipita njia zilezile zilizopita kwenye sakafu ya mianzi ya bibi yake.

Si haki kusifu uzuri huo bila kusema nani aliulipia. Utaratibu wa polo uliwalazimisha wanaume wa Kifilipino kuanzia miaka 16 hadi 60 kufanya kazi ya serikali siku 40 kila mwaka, kukata magogo, kujenga meli, madaraja, makanisa. Mwaka 1649 watu wa Palapag, kisiwani Samar, wakiongozwa na Sumuroy, waliasi kwa kukataa kupelekwa mbali kwenye viwanda vya meli vya Cavite. Mpangilio wa miji nao ulikuwa amri: familia zilizotawanyika zilikusanywa kuishi mahali kengele ya kanisa inaposikika, na kadiri ulivyokuwa na cheo ndivyo nyumba yako ilivyokaribia uwanja wa kanisa.

Mikono ile iliyolazimishwa iliacha alama yake. Kwenye kanisa la Miagao, Iloilo, lililojengwa kati ya 1787 na 1797 kwa jiwe la rangi ya mchanga, uso wa mbele una Mtakatifu Kristofa akivuka mto na mtoto Yesu begani. Ameshika mnazi. Pembeni yake imechongwa mipapai na mipera. Mchongaji alipewa mtakatifu wa Ulaya, akamvusha mto wa kijijini kwake. Kule Paoay, kaskazini, kanisa lililoanzwa mwaka 1694 linaegemea viegemeo 24 vya ukuta, vikubwa, vimekaa kama watu waliochuchumaa kusukuma ukuta usiende popote. Mnara wa kengele umetengwa nalo, umesimama peke yake uwanjani, ili siku ukianguka usiliangukie kanisa. Makanisa hayo mawili, na San Agustín ya Manila, na lile la Santa Maria huko Ilocos Sur, yaliingia Urithi wa Dunia pamoja mwaka 1993.

Tarehe 3 Juni 1863 kanisa kuu la Manila liliporomoka na kumuua padri Pedro Peláez, mtetezi wa mapadri wazalendo. Mwaka 1880 ardhi ilirudia. Vigae vizito vikaanza kuachia nafasi mabati. Ndugu wa shirika la Warekoleto, waliochoka kujenga upya kanisa lao la San Sebastián, waliagiza la chuma kutoka Ubelgiji. Lilikuja kwa meli, vipande vipande, likakamilika mwaka 1891. Hata hilo, ukilitazama vizuri, ni mifupa iliyovalishwa.

Baada ya Wahispania, Wamarekani walikuja na saruji. Msanifu wao William Parsons, aliyefanya kazi Manila kati ya 1905 na 1914, alikuwa na busara ya kubakiza kapis madirishani, na shule zilizojengwa chini ya sheria ya Isauro Gabaldon ya mwaka 1907 ziliinuliwa kutoka ardhini, zikapewa madirisha mapana. Wapo Wafilipino wengi waliosomea alfabeti humo.

Kisha Februari 1945. Katika mwezi mmoja wa vita kati ya Wajapani na Wamarekani, mji wa ndani ya kuta za Manila ulisagwa. Yalikuwepo makanisa saba. Lilibaki moja, San Agustín. Watu wapatao laki moja walikufa mjini humo. Majumba ya mti na kapis yaliwaka kama njiti.

Kwa hiyo anayetaka kuiona bahay na bato leo anakwenda Vigan, Taal, Silay au Carcar. Vigan iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1999, na tetemeko la Julai 2022 liliipasua tena kuta zake za matofali. Sheria ya urithi iliyotiwa saini mwaka 2010 iliweka ulinzi kwa majengo yaliyotimiza miaka 50, lakini paa linalovuja halisomi sheria, na warithi kumi na wawili waliotawanyika Manila, Dubai na California si rahisi wakubaliane nani alizibe. Mwisho anakuja mnunuzi wa mbao za zamani. Narra ya karne mbili ina bei.

Nyumba ya ukoo wa Enriquez kule Quiapo, Manila, ilijengwa mwaka 1867 na iliwahi kuwa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Ufilipino. Ilifunguliwa mbao kwa mbao, ikapelekwa pwani ya Bataan, ikasimamishwa upya kwenye hoteli ya kitalii pamoja na nyumba nyingine zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Wako wanaosema imeokolewa, na ni kweli kwamba Quiapo ilikuwa ikioza. Wako wanaosema imeng'olewa, na mimi niko upande wao. Nyumba za nchi ile zimehama tangu zamani, lakini zilihama na wenyewe wakiwa ndani ya msafara, majirani wakiwa chini yake mabegani, zikitoka upande huu wa shamba kwenda ule. Hii iliondoka na mtaa wake ukabaki.